Nani Ameandika Kikosi? Shajara ya mradi wa makocha wanawake, Kisumu 2025

Jumamosi, 18 Januari

Naanza kwenye daftari la kurasa mia, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kompyuta itakuja Mungu akipenda.

Wikendi tatu nimezunguka viwanja vya mitaa: Nyalenda, Manyatta, Obunga, Kondele. Nimeona timu saba za wasichana zikicheza. Sita zilikuwa na mwanamke kwenye benchi. Ukipiga picha hiyo ukamtumia mfadhili, atafurahi na kulala usingizi mzuri. Lakini kila nilipofika niliuliza swali moja kabla ya mechi kuanza: karatasi ya kikosi ameandika nani? Saba kwa saba, mwanamume.

Yule mwanamke wa benchi anaitwa matroni. Anabeba jezi kwenye gunia na kuzifua. Anakata machungwa robo robo. Anajua nani ana hedhi na pedi ziko mfuko gani. Safarini anakaa na wasichana ili wazazi wasiwe na wasiwasi. Naijua kazi hiyo, kwa maana niliifanya miaka mitatu baada ya goti langu kukatika. Kabla ya hapo nilicheza winga ya kushoto miaka tisa. Katika miaka hiyo mitatu ya machungwa, hakuna siku hata moja mtu aliyeniuliza nani acheze winga ya kushoto.

Basi kipimo cha mradi huu ndicho hicho. Sitahesabu vyeti wala waliohudhuria semina. Nitahesabu karatasi za kikosi zilizoandikwa na wanawake.

Jumamosi, 1 Februari

Walioandikisha kwa simu ni kumi na wawili. Waliofika ni wanne.

Aibu ni yangu. Mtu aliyezaliwa Kisumu anawezaje kupanga mafunzo Jumamosi? Watano kati yao ni Wasabato, walikuwa kanisani. Wengine watatu walikuwa matangani, mmoja Seme, mmoja Alego, mmoja Nyakach. Jumamosi huku ni siku ya Mungu na ya kuzika. Mimi nilikuwa nimekodi ukumbi, nimechapisha ratiba, na sambusa zimepoa.

Nikasema basi Jumapili. Mama mmoja muuza omena, yaani dagaa wa ziwani, akanitazama kama mtoto. "Madam, Jumapili ni soko la Kibuye. Mimi nisipouza Kibuye, Jumatatu wewe utanilisha?"

Jumanne, 4 Februari

Leo sikufundisha chochote. Nimekaa kwenye kigoda kando ya meza ya yule mama wa omena tangu saa mbili asubuhi mpaka giza, daftari mkononi, nikiandika nani ananunua saa ngapi. Asubuhi kuna wateja wa jumla wachache. Baada ya saa tatu ni nzi tu na jua. Kuanzia saa kumi jioni watu wanaanza kurudi kutoka kazini, na hapo mkono wake haupumziki: gorogoro, kopo la kupimia, inazama, inajaa, anaipiga bapa na kiganja, anaongeza kidogo juu, anafunga gazeti, anapokea M-Pesa, anarudia. Mpaka saa moja na nusu usiku.

Sasa, timu zote za mtaa hufanya mazoezi saa ngapi? Saa kumi jioni. Saa ile ile ya kuuza, kuteka maji na kuwasha jiko. Tumekuwa tukisema wanawake hawapendi ukocha. Hakuna aliyewahi kuangalia saa.

Tumekubaliana Jumanne, saa nne mpaka saa sita asubuhi. Hakuna Sabato, hakuna tanga, hakuna wateja. Pale kwenye mwembe nyuma ya goli patatandikwa mkeka, na dana (bibi) mmoja wa jirani atalipwa kuangalia watoto wadogo. Pesa ya ukumbi ndiyo itamlipa.

Jumanne, 11 Februari

Wamekuja kumi na wawili, watoto saba kwenye mkeka. Nina mipira minane, mmoja una uvimbe ubavuni kama jino bovu.

Waliomo: mama wa omena, walimu wawili wa chekechea, msusi, wachezaji watatu wa zamani, mmoja aliyecheza hoki shuleni, na wengine wanne ambao hawajawahi kupiga mpira ila watoto wao wanapiga. Msusi aliuliza kama kuna njia ya kupanda kweli, au tutaishia hapa chini ya mwembe. Nikamweleza ngazi za leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika: unaanza D, halafu C, B, A. Nikamtajia Mildred Cheche. Mwaka 2024 aliwafikisha wasichana wetu wa chini ya miaka 17 kwenye Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, na ilikuwa mara ya kwanza kwa timu yoyote ya soka ya Kenya, wanaume wakiwemo, kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Tena wakaifunga Meksiko 2-1. Wawili walijua habari ya mechi ile. Kwamba kocha alikuwa mwanamke, hakuna aliyejua.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kupasha misuli, lile linaloitwa FIFA 11+. Dakika ishirini, sehemu tatu: kukimbia polepole, nguvu na mizani, kisha kukimbia kwa kasi. Nimelisisitiza kuliko somo lolote kwa sababu wasichana huumia kano za goti zaidi ya wavulana, na zoezi hili likifanywa kila mara hupunguza majeraha. Goti langu lilikatika kwenye timu ambayo kupasha misuli kwake kulikuwa kuzunguka uwanja mara mbili huku kocha akiongea na simu.

Zoezi la paja la nyuma ndilo lililoleta kicheko. Unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajilaza mbele taratibu bila kukunja kiuno mpaka huwezi tena kujizuia. Ardhi ilikuwa na mawe, kila mtu akakunja leso yake na kuiweka chini ya magoti. Mama wa omena alishuka pole pole kama jahazi linalozama, hakuanguka, akasimama akafuta vumbi. "Hii ni kama kuinua gunia, ila kinyume." Sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri zaidi. Nimeiba maneno hayo, ndiyo nitakayofundishia.

Jumamosi, 22 Machi

Siyo siku ya mradi, lakini naandika. Juzi Alhamisi Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwanamke wa kwanza, Mwafrika wa kwanza. Kundi letu la WhatsApp limejaa maua.

Sitaki kuwa mtu wa kumwaga maji kwenye moto wa wenzake, lakini nimeandika chini ya maua: kwenye Olimpiki ya Paris wanawake na wanaume walipewa nafasi sawa za kushindana. Kwenye ile ya Tokyo kabla yake, katika kila makocha mia walioidhinishwa, wanawake walikuwa kumi na tatu hivi. Msichana ameruhusiwa kukimbia zamani. Kumwambia akimbie vipi, hiyo bado ni kazi ya mwingine.

Nilijibiwa na emoji ya kucheka na moja ya kulia.

Jumanne, 8 Aprili

Siku mbovu. Ufunguo.

Mipira tunaihifadhi kwenye stoo ya shule moja, kwa hisani yao. Ufunguo anao kocha wa timu ya wavulana. Leo alikuwa ameenda Ahero na ufunguo mfukoni. Wanawake kumi wamesimama juani, mmoja amefunga meza yake, mwingine ameacha mteja kichwa nusu kimesukwa. Nilipiga simu mara sita. Mara ya saba akapokea, akasema, "Pole dada, lakini si nyinyi mnafanya tu mazoezi?"

Tu. Neno hilo dogo nimelitafuna mchana kutwa.

Tulifundishana kwa chupa za maji na soksi iliyojazwa magazeti. Walifurahia kuliko mimi. Jioni nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikaomba ufunguo wa pili, akakubali bila hata kuinua macho kwenye vitabu vyake. Miezi yote hii kumbe ilikuwa kuomba tu. Kuchonga ufunguo Kondele kumenigharimu kidogo kuliko nauli ya boda ya siku hiyo.

Jumanne, 13 Mei

Somo la urefa. Nimemwalika refa mmoja mwanamke anayechezesha ligi za hapa. Alianza na sheria ya 11, kuotea, kwa sababu alisema hapo ndipo wanaume wa pembeni humpigia kelele mwanamke kwanza. Kila mtu hujua kwamba mpira wa kona hauna kuotea. Wengi husahau kuwa mpira wa kurusha na goli kiki pia hazina. "Mkijua hizo tatu," akasema, "mtanyamazisha nusu ya uwanja."

Halafu vibendera. Kibendera kikishainuliwa na filimbi kulia, unakielekeza: juu kama aliyeotea yuko upande wa mbali, usawa wa bega kama yuko katikati, chini kama yuko karibu nawe. Mwalimu mmoja wa chekechea alikuwa na mkono ulionyooka kama rula. Refa alizunguka, akarudi kwake, akamtazama tena, akamwomba namba ya simu. Tangu leo nina hofu ya kumpoteza kwenye ukocha. Hofu nzuri.

Mvua ilituvizia saa sita kasorobo. Udongo wetu mweusi ukilowa unakamata kiatu kama mkopo.

Jumanne, 10 Juni

Nimehudhuria kikao cha kamati ya ligi ya mtaa. Wajumbe tisa, mwanamke mmoja, na huyo ndiye aliyetupa chai.

Niliomba mambo mawili: wanawake waongezwe kwenye kamati, na kila timu ya wasichana kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka iwe na kocha mwanamke anayetia saini karatasi ya kikosi. Nikataja Katiba ya 2010, ibara ya 27(8), kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Jaduong' (mzee) mwenyekiti si mjinga. Akaniambia, "Binti yangu, soma vizuri. Pale imeandikwa Serikali ichukue hatua. Sisi ni Serikali?" Ana haki yake. Akaongeza kwamba hata Bunge lenyewe limeshindwa, mpaka Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais alivunje mwaka 2020 na halikuvunjwa. "Sasa unataka kamati ya mtaa iwe safi kuliko Bunge?"

Nikasema ndiyo. Wakacheka wote, naye akacheka zaidi. Ombi la kwanza limesukumwa mpaka uchaguzi wao ujao. La pili limepita. Nimerudi nyumbani nikiona nimeshinda. Angalia tarehe 16 Septemba.

Jumanne, 8 Julai

Jumamosi Faith Kipyegon alivunja tena rekodi yake ya dunia ya mita 1500 kule Eugene, 3:48.68, na Beatrice Chebet siku hiyo hiyo akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5000 chini ya dakika 14. Asubuhi hakuna aliyetaka kusikia habari za koni. Tukakaa chini ya mwembe tukasimuliana.

Nikauliza: kocha wa Kipyegon ni nani? Sauti nne kwa pamoja: Patrick Sang! Na ni kocha wa heshima, hakuna ubishi. Nikauliza tena: nitajieni mwanamke mmoja anayefundisha wakimbiaji Kenya hii, popote, Iten, Kaptagat, Kapsabet. Kimya. Msusi akasema Tegla Loroupe, halafu akajirudi, kwamba yeye ni wa wakfu wa amani na timu ya wakimbizi. Mwingine akasema Lornah Kiplagat, halafu naye akasema hapana, yule alijenga kambi ya mazoezi Iten. Nchi iliyojaa wanawake mabingwa wa mbio, na sisi wanamichezo kumi hatukupata jina la kocha hata moja. Makocha hao wapo. Majina yao ndiyo hayakutufikia.

Aliyecheza hoki akasema polepole kwamba kuna jambo lingine. Akamtaja Agnes Tirop, mkimbiaji aliyeuawa Iten Oktoba 2021. Msichana anayekimbia akiwa kijana hukuta mtu mmoja ndiye kocha, ndiye meneja, ndiye mume, na ndiye anayeshika kadi ya benki. Hakuna aliyeongeza neno. Tumeamua kuandika kanuni zetu leo leo. Hakuna kocha, mwanamke wala mwanamume, kumbeba mchezaji peke yake kwenye pikipiki. Hakuna ujumbe wa faragha usiku. Pesa ya mchezaji apewe mchezaji na mzazi wake akiona. Zimebandikwa mlangoni mwa stoo.

Jumanne, 29 Julai

Wachache walitazama fainali ya Euro ya wanawake Jumapili kwenye simu ya msusi. Sarina Wiegman ametwaa kombe hilo mara ya tatu mfululizo, moja na Uholanzi, mbili na Uingereza. Kombe la Dunia la 2023 lilikuwa na makocha wakuu wanawake 12 kati ya 32. Mama wa omena alipiga hesabu kwa vidole: "Hata huko kwao, nusu hawajafika."

Jumanne, 12 Agosti

Mji wote ni CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Sisi tumebaki tisa. Mmoja amepata kazi Nairobi. Mmoja mumewe amesema basi, na nilipokwenda kuongea naye alinikaribisha vizuri sana, akanipa soda, akasema basi. Wa tatu alikuwa anatembea kutoka Obunga kwa sababu hakuwa na nauli na hakutaka kusema. Huyo nimemkosa kwa uzembe wangu. Nauli imeingizwa kwenye bajeti kuanzia leo, kwa wote, bila kuuliza nani anayo.

Jumanne, 16 Septemba

Mechi za majaribio zimeanza Jumapili. Karatasi nne za timu za wasichana, zote nne zina saini ya mwanamke. Nilizipiga picha kwa furaha. Usiku nikaziangalia tena kwenye simu, nikakuza.

Mbili kati yake saini ni ya mwanamke, lakini majina ya wachezaji yana mwandiko ninaoujua tangu Januari. Ile herufi "g" yenye mkia wa ndoano. Kocha wa zamani ameandika kumi na mmoja wake, matroni akatia saini. Kanuni yangu niliyoishangilia mwezi wa Juni imezaa saini ya kugonga muhuri tu.

Leo niliwauliza wale wawili, mmoja mmoja, pembeni. Wa kwanza alisema aliogopa kukosea. Wa pili alisema jambo ambalo limenikaa: "Nikipanga mimi tukafungwa, watasema ni kwa sababu ni mwanamke. Akipanga yeye tukafungwa, tumefungwa tu."

Sina jibu lake. Nilichofanya ni kubadilisha zoezi. Kila Jumanne sasa kila mmoja anaandika kikosi, halafu anasimama mbele ya wenzake anaeleza kwa nini huyu na si yule. Tunabishana kama wabunge. Leo mabishano ya beki wa kulia yalichukua dakika ishirini na tano, na dana wa mkeka akaingilia kati na kutoa maoni.

Jumanne, 21 Oktoba

Hakuna mazoezi. Mashindano yaliyokuwa yafanyike Jumapili yameahirishwa. Raila Odinga alifariki tarehe 15, Jumamosi mwili wake uliletwa hapa uwanja wa Mamboleo, Jumapili akazikwa Bondo. Kisumu haina sauti. Wanawake wote tisa walikwenda Mamboleo, kila mmoja kwa njia yake. Tutaonana wiki ijayo.

Jumatano, 29 Oktoba

Jana Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, waliitoa Gambia na kufuzu kwa Kombe la Afrika la Wanawake, mara ya kwanza tangu 2016. Ile safari ya 2016 kocha alikuwa David Ouma. Safari hii ni Beldine Odemba. Wiki iliyopita hakuna aliyetaka kuongea. Leo simu imelia tangu alfajiri.

Jumapili, 2 Novemba

Mashindano. Timu nne, uwanja umekauka, jua la kuchoma shingo.

Mama wa omena amemwachia dada yake meza ya Kibuye. Saa saba na nusu alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, karatasi juu ya goti, kalamu mdomoni. Nilikaa mbali makusudi. Aliandika namba moja mpaka nane bila kusita. Kwenye namba tisa aliandika jina, akalitazama, akalikata kwa mstari mmoja, akaandika jingine.

Jina lililokatwa ni la mfungaji bora wa timu, ambaye mjomba wake yumo kwenye kamati. Alikosa mazoezi mara mbili bila ruhusa, na kanuni waliyoiweka wachezaji wenyewe inasema ukikosa mara mbili unaanzia benchi. Mjomba alikuja mbio. Kocha wa zamani, ambaye sasa ni msaidizi wake, alisimama kati yao. Sikusikia yote. Nilichosikia ni sauti ya mama, ile ile ya Kibuye mteja akitaka kupunguziwa: "Bei ni hiyo, baba. Ataingia kipindi cha pili."

Aliingia dakika ya 41 ya mechi ya dakika 60. Walifungwa 1-0, bao la kona. Mjomba alisema alichokuwa amejiandaa kusema, kwa sauti, mbele ya watu. Mama alikuwa anahesabu jezi. Zilikuwa kumi na tano, moja haionekani, na ilibidi ipatikane.

Kati ya karatasi nne za leo, mwandiko wa ndoano upo kwenye moja tu.

Jumanne, 4 Novemba

Wamefika wote tisa, na mpya mmoja, mama wa yule kipa aliyefungwa bao la kona. Anataka kujua kwa nini mwanawe hakutoka langoni. Mama wa omena amemwonyesha kwa chupa za maji, akazihamisha, akazirudisha. Beki wa kulia hakukaa kwenye mlingoti. Mabishano yakaanza upya.

Ya kufanya wiki hii: fotokopi hamsini za karatasi ya kikosi, zimeisha. Sindano mbili za pampu. Kumlipa dana. Jezi namba 14 imepatikana Manyatta, kwenye kamba ya nguo ya mtu, nitaifuata kesho.